Kanuni inanasa kwenye majaribio, barua taka zinapita: nani hasa anachuja barua zako?

Swali

Nasimamia seva ya barua pepe ya ofisi yetu: Debian 12, Postfix inayopokea barua, amavis na SpamAssassin zinazochuja taka, kisha Dovecot inawapelekea watumiaji. Barua taka za "umeshinda zawadi" zimezidi, nikaandika kanuni ya kuzinasa kwenye local.cf (faili la mipangilio ya SpamAssassin) na kuipa alama 4. Nikiipima kwa `spamassassin -t` inanasa vizuri, lakini barua zenyewe zinaendelea kuingia kama kawaida. Nimeshusha required_score (alama inayofanya barua iitwe taka) hadi 4.0, nimewasha upya spamd (huduma ya SpamAssassin) mara nyingi, nimefundisha Bayes (sehemu inayojifunza maneno ya barua taka na halali) kwa amri ya sa-learn nikiwa root, na kabla ya kanuni hii nilikuwa nimeshusha kizingiti cha kujifunza kiotomatiki hadi 6. Badala ya kupata nafuu, sasa ankara za mteja wetu mkubwa zinaangukia kwenye folda ya taka. Nianzie wapi? Hivi hapa ni vichwa vya barua mbili, ya kwanza ni ankara halali, ya pili ni taka iliyopita. MALIPO_HARAKA ni kanuni yangu ya zamani inayotafuta neno "malipo".

```
X-Spam-Status: Yes, score=6.801 tagged_above=2 required=6.31
  tests=[BAYES_99=3.5, BAYES_999=0.2, HTML_MESSAGE=0.001,
  MALIPO_HARAKA=3, MIME_HTML_ONLY=0.1, SPF_PASS=-0.001,
  URIBL_BLOCKED=0.001] autolearn=no

X-Spam-Status: No, score=2.997 tagged_above=2 required=6.31
  tests=[BAYES_50=0.8, FREEMAIL_FORGED_REPLYTO=2.095,
  HTML_MESSAGE=0.001, MIME_HTML_ONLY=0.1,
  URIBL_BLOCKED=0.001] autolearn=no
```

Jibu

Ndugu, umefanya kazi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni sahihi. Shida ni kwamba umeifanya mahali ambapo barua zako hazipiti. Kanuni mpya, required_score, mafunzo ya Bayes: vyote vinaonekana ukipima kwa mkono, lakini barua halisi ikiingia haikutani na hata kimoja. Kwa hiyo usiongeze kanuni wala usiguse alama yoyote kabla hujajibu swali hili: barua hii imehukumiwa na programu ipi, inayoendeshwa kwa akaunti ipi, ikisoma mipangilio ipi?

Jibu umelileta mwenyewe, limo kwenye vichwa hivyo.

Tazama palipoandikwa `required=6.31`. Wewe uliweka 4.0. Kama hukumu ingetolewa kwa required_score yako, ungeona 4.0 pale. Nambari 6.31 ni ya amavis, tena ndiyo inayokuja na kifurushi cha Debian katika faili `/etc/amavis/conf.d/20-debian_defaults`. Hata neno `tagged_above` ni la amavis. SpamAssassin ikiandika kichwa chake yenyewe hailiweki. Basi hakimu ni amavis, na amavis haina habari na required_score. Inachukua jumla ya alama kutoka SpamAssassin, halafu inailinganisha na vizingiti vyake yenyewe.

Lingine ambalo wasimamizi wengi hawaambiwi wanapofuata maelekezo ya kusimika mfumo huu: amavis haizungumzi na spamd hata kidogo. Inaipakia SpamAssassin ndani yake kama maktaba ya Perl, inasoma kanuni zote inapoanza, na kuanzia hapo inaishi na nakala hiyo hadi itakapowashwa upya. Ukiwasha upya spamd unabisha hodi kwa jirani. Kwa mpangilio wako spamd haihitajiki kabisa, unaweza kuizima na barua zikaendelea kuchujwa vilevile.

Hapo ndipo unapoona kwa nini MALIPO_HARAKA ya zamani inanasa kwenye barua halisi na ile mpya hainasi, ilhali zote ziko faili moja. Ya zamani ilikuwepo amavis ilipowashwa mara ya mwisho. Mpya haikuwepo. Amri ya `spamassassin -t`, kwa upande wake, inasoma faili upya kila unapoiendesha, ndiyo maana iliiona mara moja. Thibitisha kabla ya kugusa chochote:

```
systemctl show amavis -p ActiveEnterTimestamp
stat -c %y /etc/spamassassin/local.cf
```

Kama saa ya kwanza imeitangulia ya pili, umepata kisa cha kanuni yako. Usikimbilie kuwasha upya, lakini. Kwanza endesha:

```
spamassassin --lint
```

Amri hii ikikaa kimya, hakuna kosa la kimaandishi. Ikisema neno lolote, lisome mpaka ulielewe, kwa sababu kanuni yenye kosa huachwa na nyingine zikaendelea, nawe ukabaki unaamini kwamba inafanya kazi. Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni mawili. La kwanza ni jina la kanuni kuandikwa kwa herufi kubwa mahali pamoja na ndogo pengine. SpamAssassin inayahesabu kuwa majina mawili, na mstari wa `score` unabaki unaning'inia bila kanuni. Kanuni isiyo na mstari wake wa `score` hupewa alama 1.0, kwa hiyo itanasa lakini kwa uzito usioutarajia. La pili ni alama ya `#` ndani ya ruwaza, yaani maandishi ambayo kanuni inayatafuta. Kwa SpamAssassin `#` huanzisha maelezo popote ilipo, hivyo nusu ya ruwaza yako inakatwa, iandike `\#`.

Angalia pia kama akaunti ya amavis inaweza kulisoma faili lenyewe. Faili lililoandikwa na root kwa ruhusa 600 linasomeka vizuri ukipima ukiwa root, na halisomeki kabisa kwa amavis:

```
sudo -u amavis cat /etc/spamassassin/local.cf > /dev/null
```

Baada ya hapo ndipo uwashe upya amavis. Kuanzia leo, kila unapobadilisha kanuni, mpangilio uwe huo: lint, halafu `systemctl restart amavis`, halafu jaribio. Hata kanuni rasmi zinazoletwa na sa-update zinafuata sharti hilohilo. Zinahifadhiwa chini ya `/var/lib/spamassassin`, katika folda yenye nambari ya toleo la programu, na kama hakuna kinachoiwasha upya amavis baada ya kushushwa, zinakaa hapo bila kutumika. Usihariri chochote ndani ya folda hiyo. Sasisho linalofuata litafuta kazi yako. Kanuni zako ziwe `/etc/spamassassin`, katika faili linaloishia na `.cf`.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe, maana ndilo lililokupotosha. Ulipima ukiwa root. Root ana Bayes yake chini ya `/root/.spamassassin`, na jaribio linatumia required_score ya 4.0. Barua halisi inahukumiwa na akaunti ya amavis, yenye Bayes yake chini ya `/var/lib/amavis/.spamassassin`, kwa kizingiti cha 6.31. Hizo ni mahakama mbili tofauti. Jaribio linalokaribia ukweli ni hili:

```
sudo -u amavis -H spamassassin -t < barua.eml
```

Hiyo `-H` usiiache, ndiyo inayohakikisha amri inatafuta Bayes katika makazi ya amavis na si ya kwako. Ukitaka kuona neno gani hasa limenaswa na kanuni gani:

```
sudo -u amavis -H spamassassin -D rules -t < barua.eml 2>&1 | grep "got hit"
```

Faili la barua liwe nakala ghafi, iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka Maildir, folda ambamo seva huhifadhi barua. Barua iliyosambazwa na mtumiaji kwako haifai, kwa sababu mistari ya Received inakuwa imebadilika na jaribio linakuwa juu ya barua nyingine. Kumbuka pia kwamba barua ya wiki iliyopita ukiipima leo inaweza kupata alama nyingi kuliko ilizopata siku ile: anwani yake huenda imeshaingizwa kwenye orodha za taka tangu wakati huo. Tofauti ya namna hiyo isikutie wasiwasi.

Kama hata baada ya kuwasha upya bado huna uhakika kwamba barua zinapita kwa amavis, iulize Postfix:

```
postconf content_filter smtpd_milters
postconf -P | grep -E 'content_filter|milters'
ss -ltnp | grep -E '10024|10025|783'
```

Amri ya pili ni muhimu kwa sababu master.cf (faili la huduma za Postfix) inaweza kubadilisha mipangilio kwa huduma moja moja, na amri ya kwanza haionyeshi hayo. Kwa kawaida utaona amavis ikisikiliza poti 10024 na Postfix ikipokea barua zilizokwisha kuchujwa kwenye 10025. Poti 783 ni ya spamd. Tuma pia barua yenye mstari wa GTUBE kutoka akaunti ya nje:

```
XJS*C4JDBQADN1.NSBN3*2IDNEN*GTUBE-STANDARD-ANTI-UBE-TEST-EMAIL*C.34X
```

Mstari huo umetengwa kwa majaribio na hupewa alama 1000. Barua hiyo ikiingia kwa mtumiaji bila kichwa chochote cha X-Spam, basi haikupita kwenye kichujio, na hakuna kanuni utakayoandika itakayobadilisha hilo. Kwako sitarajii hivyo, vichwa vyako vinaonyesha inapita.

Wakati bado unachunguza, badilisha jambo moja kwenye `/etc/amavis/conf.d/50-user`:

```
$sa_tag_level_deflt = -999;
```

Ile `tagged_above=2` ina maana kwamba barua yenye alama chini ya 2 haiandikiwi kichwa kabisa. Barua taka zinazopita na alama 1.4 hutaziona zimepita vipi. Kwa -999 kila barua inayoingia inabeba ushahidi wake. Mstari huo uweke juu ya ule wa `1;` ulio mwishoni mwa faili.

Kuhusu kizingiti chenyewe, 6.31 ni kikubwa kidogo kwa kazi yako. Kanuni rasmi za SpamAssassin zimepangiwa alama kwa kuchukulia kizingiti cha 5.0, na mimi napendelea kubaki hapo. Sikushauri 4.0. Kila unaposhuka chini ya 5 unakubali kutupa barua halali zaidi, na barua halali iliyopotea ina gharama kubwa kuliko taka iliyopita. Lakini usiandike 5.0 leo. Hilo liwe la mwisho, baada ya kusafisha mengine, kwa sababu kwa hali ya sasa utaongeza tu idadi ya ankara zinazotupwa. Na kabla ya kulifanya, soma `$final_spam_destiny`, mpangilio wa amavis unaoamua taka ifanyiwe nini, ina thamani gani. Kwako barua zinafika kwenye folda ya taka, kwa hiyo nadhani ni D_PASS (ipite) na Sieve, yaani kanuni za Dovecot za kupanga barua, ndiyo inayozihamisha kwa kusoma X-Spam-Flag. Kama ni D_DISCARD (itupwe) na ukashusha `$sa_kill_level_deflt`, alama inayoanzisha hatua hiyo, barua zitaishia karantini bila mpokeaji wala mtumaji kujua. D_BOUNCE (irudishwe kwa mtumaji) usiitumie kamwe kwa taka: anwani ya mtumaji kwa kawaida ni ya kughushi, na seva yako itakuwa inawarudishia barua watu wasiohusika.

Sasa ankara, na hapa ndipo nataka utulie zaidi, maana tatizo lake ni zito kuliko la kanuni isiyonasa.

Jumlisha alama zake. Alama 3 zinatoka kwa MALIPO_HARAKA, na 3.7 zinatoka kwa Bayes. Yaliyobaki yote hayafiki hata 0.2. Kwa maneno mengine ankara hii haikuhukumiwa na kanuni za wenye SpamAssassin, imehukumiwa na vitu viwili vilivyotoka mikononi mwako. Na vitu hivyo viwili havikusimama mbalimbali. Kuna uwezekano mkubwa kimoja kimekilisha kingine.

BAYES_99 maana yake ni kwamba hifadhidata inaamini kwa asilimia 99 au zaidi kuwa hii ni taka. Hifadhidata ya amavis imejifunza wapi kwamba ankara ni taka? Haikujifunza kwa sa-learn yako, kwa kuwa ulifundisha ukiwa root na mafunzo yote yakaenda `/root/.spamassassin`. Imejifunza yenyewe, kiotomatiki, kwa kizingiti ulichokishusha, ambacho amavis ilikisoma ilipowashwa mara ya mwisho kama ilivyoisoma MALIPO_HARAKA. Kizingiti cha kawaida cha kujifunza kuwa barua ni taka ni 12.0, na kimewekwa juu hivyo kwa makusudi: SpamAssassin ijifunze kutoka kwenye barua zisizo na shaka tu. Kuna sharti la ziada kwamba alama 3 angalau zitoke kwenye vichwa na 3 kwenye mwili wa barua, kwa hiyo 6 ndiyo nambari ya chini kabisa inayoweza kufanya kazi. Wewe umekiweka sakafuni. Kanuni yako ya "malipo" ikatoa 3 za mwili peke yake. Barua yoyote iliyotaja malipo na kuwa na kasoro za kutosha kwenye vichwa ilifundishwa kuwa taka, pamoja na msamiati wake wote: ankara, kiasi, tarehe, akaunti, jina la mteja. Baada ya muda Bayes ikaanza kuwatupa wateja wako bila kuhitaji msaada wa kanuni.

Kwa hesabu ya kujifunza, SpamAssassin huacha alama za Bayes yenyewe zisihesabiwe, ili isijithibitishie makosa. Kinga hiyo haikusaidii alama za uongo zikitoka kwenye kanuni ya mkono. Ndiyo maana nasema kanuni pana yenye alama kubwa ni hatari kuliko inavyoonekana: haiishii kwenye barua iliyoinasa.

Rudisha kizingiti mahali pake, na mimi kwa muda huu ningezima kabisa kujifunza kiotomatiki:

```
bayes_auto_learn 0
```

Kisha angalia hifadhidata ina nini:

```
sudo -u amavis -H sa-learn --dump magic
```

Tafuta mistari ya nspam na nham, yaani barua taka na barua halali zilizofundishwa. Bayes haianzi kutoa alama mpaka kila upande ufikishe 200. Kwako tayari inatoa, kwa hiyo imeshavuka. Ninachotaka uone ni uwiano: nspam ikiwa kubwa mno na nham kidogo, umepata picha ya ugonjwa.

Kuna njia mbili za kuutibu. Kama uchafu ni mdogo, kusanya barua halali zilizotupwa, zifundishe upya kuwa halali, na sa-learn itasahau yenyewe fundisho la awali la barua hizohizo kabla ya kuandika jipya:

```
sudo -u amavis -H sa-learn --ham /njia/ya/folda/cur
```

Kama huwezi kujua ni barua zipi zilizofundishwa vibaya, na kwa kujifunza kiotomatiki mara nyingi huwezi, mimi ningeifuta na kuanza upya. Chukua nakala kwanza:

```
sudo -u amavis -H sa-learn --backup > /root/bayes-ya-zamani.txt
sudo -u amavis -H sa-learn --clear
```

Halafu fundisha kwa barua ulizozichagua kwa macho: 200 halali na 200 taka ndiyo kima cha chini, zikizidi ni bora. Barua halali ziwe za kazi halisi ya ofisi, zikiwemo ankara nyingi za wateja mbalimbali. Msikusanye taka kutoka folda za watumiaji bila kuzipitia, kwa sababu watu wengi huburuta jarida walilojiandikisha wenyewe na kuliita taka siku wakilichoka. Akaunti ya amavis inahitaji ruhusa ya kuzisoma faili hizo. Rahisi ni kuzinakili kwenye folda ya muda na kuigawia amavis umiliki. Kwa siku ambazo Bayes iko chini ya 200 itakaa kimya, na hilo ni afadhali kuliko kusema uongo.

Kuna kitu kingine kimejificha kwenye vichwa vyote viwili, na kwa kuwa kina alama 0.001 watu hukiruka: URIBL_BLOCKED. Alama hiyo si hukumu juu ya barua, ni ujumbe kwako. Orodha ya URIBL, ya viungo vinavyoonekana kwenye taka, imekataa kujibu maswali ya seva yako. Sababu ya kawaida ni kwamba `/etc/resolv.conf` inaelekeza kwenye seva ya DNS ya umma kama 8.8.8.8, ambako maswali yako yanachanganyika na ya mamilioni ya wengine na kuvuka kiwango cha matumizi ya bure. Spamhaus, orodha nyingine ya watuma taka, nayo inakataa kwa namna yake. Jaribu:

```
dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org
host -t TXT 2.0.0.127.multi.uribl.com
```

Kwenye swali la kwanza majibu mazuri ni anwani kama 127.0.0.2 na 127.0.0.4. Ukiona 127.255.255.254, umeambiwa umeuliza kupitia seva ya DNS ya umma. Suluhisho ni kusimika unbound, programu ya DNS, kwenye seva hiyohiyo ikitafuta majibu yenyewe kuanzia mizizi ya DNS, bila kuyapeleka tena kwa seva ya umma, kisha uongeze kwenye local.cf:

```
dns_server 127.0.0.1
```

Kwa maoni yangu hili ndilo litakalokupunguzia taka nyingi kuliko kanuni yoyote utakayoandika. Ile barua ya zawadi ilipita na 2.997 huku orodha za viungo viovu zikiwa zimefungiwa mlango. Kama kiungo chake kiko kwenye orodha nyeusi ya URIBL, hiyo pekee ni alama 1.7 zaidi, kabla hujaandika herufi moja. Wengi wanaoandika kanuni nyingi za mkono wanaziba pengo ambalo kwa kweli ni la DNS.

Tukishafika hapo, turudi kwenye kanuni. MALIPO_HARAKA iondoe. Neno "malipo" halitofautishi taka na biashara, na mwenye kazi ya ankara hawezi kuliadhibu neno hilo. Isitoshe, kanuni ya aina ya `body` husoma pia kichwa cha habari cha barua, kwa sababu SpamAssassin hukiweka Subject kuwa aya ya kwanza ya mwili. Kwa hiyo ilikuwa inanasa sehemu mbili, nawe ukidhani ni moja. Kama hutaki kuifuta sasa, ipe `score MALIPO_HARAKA 0` na itazimika.

Ile mpya inafaa, ila usiifanye itegemee neno moja, na alama 4 ni nyingi. Kanuni ya mkono ichangie hukumu pamoja na ushahidi mwingine, isitoe hukumu peke yake. Ningeiandika hivi:

```
header   __LOCAL_USHINDI  Subject =~ /\b[um]me(?:shinda|jishindia)\b/i
body     __LOCAL_ZAWADI   /\b(?:zawadi|bahati nasibu|droo)\b/i
meta     LOCAL_USHINDI    (__LOCAL_USHINDI && __LOCAL_ZAWADI && !ALL_TRUSTED)
describe LOCAL_USHINDI    Taarifa ya ushindi pamoja na zawadi
score    LOCAL_USHINDI    2.5
```

Majina yanayoanza na mistari miwili ya chini hayana alama na hayaonekani kwenye vichwa. Kazi yake ni kulishia ile ya `meta`, inayounganisha kanuni nyingine. Kuhusu ruwaza, kumbuka kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele na nyuma. Ukiandika `\bshinda\b` hutanasa "umeshinda", "mmeshinda" wala "umejishindia", kwa kuwa mawili ya kwanza hayana mpaka wa neno kabla ya "shinda", na la tatu halina "shinda" kabisa. Ukiiondoa mipaka kabisa utanasa "mshindani" na "ushindani", maneno yaliyojaa kwenye barua za zabuni. Orodhesha maumbo yanayotumika kweli kwenye taka ulizonazo. Kama kanuni hainasi na kwa macho neno lipo, chunguza barua ghafi: watuma taka wengine hutumia "а" ya Kisirili mahali pa "a" ya kwetu, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Subject iliyofumbwa kwa base64 isikusumbue, kanuni ya `header` huifumbua kwanza.

Kwa mteja mkubwa, ankara zake zikishapita kawaida huenda usihitaji kumpa upendeleo wowote. Ukiona lazima, usitumie `welcomelist_from` (kabla ya toleo 4.0 iliitwa `whitelist_from`), kwa sababu inaamini anwani iliyoandikwa tu, na anwani yeyote anaweza kuighushi. Tumia hii:

```
welcomelist_auth *@mteja.example
```

Hii inakubali pale tu SPF au DKIM, njia za kuthibitisha barua imetoka kweli kwa kikoa kinachotajwa, inapothibitisha mtumaji, na ankara yako ilikuja na SPF_PASS, kwa hiyo inatarajiwa kufanya kazi. Lakini upendeleo huo ni alama 100 za kupunguza. Siku akaunti ya mfanyakazi wa mteja ikidukuliwa, kila kitakachotumwa kutoka kwake kitaingia kwenu wazi. Kwa ofisi inayopokea ankara hilo si jambo la kubahatisha, ankara za kughushi ndizo hasa wadukuzi wanazotuma wakiishaingia kwenye akaunti ya mtu. Mimi ningesubiri nione kama Bayes safi inatosha.

Nilitafuta pia ALL_TRUSTED, kanuni inayonasa barua iliyopita kwenye seva zinazoaminika pekee, na sikuiona kwenye vichwa vyako, kwa hiyo sioni dalili kwamba `trusted_networks` yako, yaani orodha ya seva hizo, imepanuka kupita kiasi. Ingekuwepo kwenye barua za nje, ningekuambia uanzie huko.

Ukishaondoa MALIPO_HARAKA, ukafuta Bayes, ukasimika unbound na kuwasha upya amavis, chukua zile barua mbili ulizonitumia uzipime kwa akaunti ya amavis. Ankara ibaki na takribani 0.1, kwa kuwa Bayes itakuwa bado kimya. Barua ya zawadi, hata ukitoa 0.8 ya BAYES_50, iwe karibu 4.7 pamoja na kanuni mpya, na ipande zaidi kama kiungo chake kimeorodheshwa. Alama kamili zinaweza kutofautiana kidogo, maana Bayes ikinyamaza SpamAssassin hutumia safu nyingine ya alama kwa baadhi ya kanuni. Acha mfumo ufanye kazi hivyo kwa siku chache huku ukifundisha Bayes na kusoma vichwa vya barua zinazokusumbua. Bayes ikianza kuita taka kwa jina lake, ndipo uandike kwenye 50-user kizingiti kipya cha kuita barua taka:

```
$sa_tag2_level_deflt = 5.0;
```

Ukiona bado ankara zinavuka baada ya hapo, nitumie kichwa kizima cha X-Spam-Status pamoja na matokeo ya `--dump magic` ya akaunti ya amavis.